Somo: Kusomea hoteli na utalii baada ya kidato cha nne, kuanzia kuchagua idara mpaka kupata kazi

Habari zenu wadau. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, naulizwa swali lile lile: "Mtoto kapata D nne, nimpeleke hoteli?" Huwa naumia, maana kazi hii si jalala la waliokosa pengine. Nina miaka 11 kwenye hoteli za Zanzibar. Nilianza kwa kutandika vitanda, leo nawasimamia wanaotandika. Naeleza njia niliyoipita.

Hatua ya 1: Chagua idara kabla ya chuo

Tunasema "hoteli na utalii" kama kitu kimoja, kumbe ni kazi nyingi. Hoteli ina idara nne kubwa: mapokezi, usafi wa vyumba, huduma ya chakula na vinywaji, na jikoni. Upande wa utalii kuna kuongoza wageni, kupanga safari na kukata tiketi. Asiyependa maneno mengi atateseka mapokezi, lakini anaweza kuwa mpishi hodari. Kabla hujalipa ada, omba kujitolea wiki mbili kwenye hoteli ya karibu, hata ya vyumba kumi. Utajijua mapema.

Hatua ya 2: Kikague chuo kwa macho yako

Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi za Bustani na Temeke pale Dar, na nyingine Arusha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana chuo chao cha hoteli na utalii Njiro, Arusha. Zanzibar kuna chuo kikuu cha taifa, SUZA, kampasi ya Maruhubi. Anayependa wanyamapori aangalie Mweka, mlimani Kilimanjaro, chuo kilichoanza mwaka 1963. Majirani zetu Kenya wana Utalii College ya Nairobi, iliyoanza 1975, yenye hoteli yake ndani ambako wanafunzi wanahudumia wageni wa kweli.

Vyuo binafsi ni vingi. Hakikisha chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Kwa astashahada, sifa ya kawaida ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kisha unapanda hadi stashahada.

Usajili pekee hautoshi. Omba uonyeshwe jiko la mafunzo. Jiko linalotumika linanukia vitunguu na sabuni, na masufuria yake yana masizi. Chuo changu cha kwanza jiko lilikuwa na kufuli, na kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja tulifundishwa kwa mchoro ubaoni. Ada ya mwaka mzima ya baba yangu iliishia kwenye ule mchoro. Nilihama.

Hatua ya 3: Fildi ndiyo usaili wako

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Wengi ninaowajua walioajiriwa haraka, waliajiriwa pale pale walipofanya fildi. Msimamizi anakutazama miezi miwili, mitatu. Barua ya maombi haiwezi kumwambia yote hayo.

Siku yangu ya kwanza, msimamizi alitandua kitanda changu mara nne bila kusema neno. Mara ya tano akanishika mkono. Chomeka shuka upande wa miguuni. Shika ukingo wa pembeni, hatua moja kutoka kona, unyanyue uulaze juu ya godoro uwe pembetatu. Chomeka kinachoning'inia chini. Shusha pembetatu, ivute ikaze, nayo uichomeke. Kona inalala kwa digrii 45, imekaza kama bahasha. Nilifanya hivyo na shuka langu la nyumbani wiki nzima, na mwisho wa fildi niliitwa ofisini kupewa mkataba.

Mjue na misimu. Aprili na Mei ni masika. Hoteli nyingi za pwani zinabaki na wageni wachache, nyingine zinafunga kabisa. Ukienda fildi wakati huo utaishia kufuta vumbi. Julai na Agosti hakuna anayekaa, hata mwanafunzi anapewa kazi ya maana. Peleka barua mapema, kwa mkono wako.

Hatua ya 4: Lugha

Kiingereza ni lazima. Ongeza moja kulingana na unakotaka kufanya kazi: Kiwengwa kule Unguja, kwa mfano, Kiitaliano kitakulisha.

Hatua ya 5: Maombi

CV ukurasa mmoja, na utaje idara unayoiomba. "Kazi yoyote" inawekwa pembeni. Wa jikoni na wahudumu wapime afya mapema, kwa sababu wanaoshika chakula lazima wawe na cheti.

Maswali ya wanachama

*Dada, mama hataki kabisa, anasema hotelini ni uhuni. Nifanyeje?*
Mama anakupenda, usibishane naye. Muombe aongozane nawe mchana aione kazi. Mweleze pia utaratibu wetu: ukisafisha chumba mlango uko wazi na toroli liko mlangoni. Mgeni akikusumbua unatoka, unaripoti, na chumba hicho hupangiwi tena. Uongozi usiosikiliza hilo, ondoka.

*Nina miaka 31 na watoto wawili. Nimechelewa?*
Hapana, kaka. Ulizia kozi fupi za VETA, hasa upishi. Jikoni wanaangalia kisu chako na kama unajua chakula cha moto hakishuki chini ya nyuzi 60. Ila shifti ya asubuhi inaanza alfajiri, panga mapema nani atawaandaa watoto kwenda shule.

*Stashahada au shahada?*
Anza na stashahada, fanya kazi, kisha rudi kusoma. Nimeona wenye shahada wakipewa umeneja wasaidizi, wakashindwa kumwelekeza mtu kazi ambayo wao hawajawahi kuishika.

*Wakala ananiahidi hoteli ya Dubai, anataka hela kwanza.*
Usitoe hela kabla ya kuuona mkataba wenye jina la hoteli, cheo na mshahara. Uulize kama wakala amesajiliwa serikalini. Nakala ya pasipoti na mkataba waachie nyumbani.

*Naanza fildi Jumatatu. Ninunue viatu gani?*
Vyeusi, vya kufunika vidole, soli isiyoteleza kwenye maji. Kavijaribu jioni, mdogo wangu, miguu ikiwa imechoka, maana ikifika saa tisa mchana itakuwa imevimba. Na uvivae nyumbani Jumamosi na Jumapili yote.