Fuata nauli: namna ya kuielewa miji ya viwanda ya Marekani ukiwa Mombasa

Kama una insha ya Chicago au New York zama za viwanda, achana na kukariri tarehe kwanza. Uliza nani alienda kazini kwa miguu na nani alipanda gari, manake hapo ndo matabaka yalipoachana.

Chora ramani mbili. Ya kwetu tia bandari, viwanda vya Changamwe, Magongo wanakokaa vibarua, na Nyali ya wenye nacho. Simama Magongo alfajiri uwaone vibarua wanavyomiminika kwa miguu kuwahi geti, pesa ya matatu imeenda kwa unga, hawakai pale kwa kupenda moshi. Ya pili ni Chicago: weka machinjio ya Union Stock Yards yaliyofunguliwa 1865, wahamiaji kutoka Ireland, Ujerumani na Poland wamebanana kando yake, halafu Prairie Avenue, mtaa wa matajiri walikokaa kina George Pullman, mwenye kiwanda cha mabehewa ya treni. Pembeni andika watu karibu 30,000 mwaka 1850, zaidi ya milioni 1 mwaka 1890.

Sasa piga hesabu. Zamani mji ulikuwa wa kutembea, tajiri na maskini walipishana njia moja. Tramu ya umeme ikafaulu Richmond, Virginia, 1888, ikasambaa mbio, nauli kwa kawaida senti 5. Kibarua wa dola 1.50 kwa siku atoe senti 10 kwenda na kurudi, na kama mke na watoto nao wako kiwandani ndo usiseme kabisa. Karani aliweza, akahamia nje ya mji, kibarua akabaki.

Alibaki wapi? Hapa usipite haraka, ingia ndani. Sheria ya New York ya 1879 ya majengo ya kupangisha ilitaka kila chumba kiwe na dirisha, basi wenye nyumba wakaacha uwazi mwembamba tu kati ya jengo na jengo, watu wakatupa taka humo, ukanuka, na moto ukiwaka ulipandia hapohapo hadi juu. Mpaka sheria ya 1901 ndo majengo mapya yakalazimishwa kuwa na ua wa maana na choo kila nyumba. Mimi naona aya hii ndo itakupa alama nyingi.

Mwisho weka aya ya rangi, usiisahau tafadhali. Wamarekani weusi waliomiminika Chicago kuanzia kama 1916, hata mwenye nauli na kodi mkononi alifungiwa milango mitaa mingi, wakasongamana South Side, upande wa kusini wa mji, kwa hiyo pesa peke yake haitoshi kuieleza ile ramani.