Kubadilisha cheti cha kati kwenye seva bila kuwafungia nje watu wa simu

Mwezi wa saba 2024 nilipigiwa simu na kampuni moja ya transiti hapa Lubumbashi. Madereva wao walikuwa kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, na programu ya simu wanayotumia kutuma picha za karatasi za mzigo ilikuwa imegoma: muunganisho si salama. Ofisini mjini, tovuti ileile ilifunguka vizuri kwenye Chrome, kufuli ipo, hakuna shida. Madereva wakaambiwa: ni simu zenu. Wakazima, wakawasha, wakafuta programu na kuipakua upya kwa mega walizonunua kwa pesa yao. Siku mbili nzima. Simu zao hazikuwa na kosa lolote. Seva ndiyo ilikuwa inawapa cheti cha kati kisicho chake.

Kosa hilo bado nalikuta mpaka leo, na kila mara anayeumia ni yule aliye mbali na fundi. Ndiyo sababu naandika somo hili.

Kwanza tuelewane

Cheti cha tovuti yako kimetiwa sahihi na cheti cha kati. Cha kati nacho kimetiwa sahihi na cheti cha mzizi. Simu ya mteja inaujua mzizi tu, kwa sababu ilikuja nao kutoka kiwandani. Fikiria dereva mwenye karatasi yenye muhuri wa shefu wa kartié. Afisa wa mpakani hamjui huyo shefu, anamjua meya. Basi dereva abebe na karatasi ya pili, ile ambayo meya anamthibitisha shefu. Dereva huyo ni seva yako: karatasi zote mbili ni juu yake kuzileta.

Kwa nini Chrome ilipita? Ndani ya cheti cha tovuti kuna anwani inayoonyesha cheti cha juu yake kinapatikana wapi. Chrome, Edge na Safari zikikosa cha kati, huenda kukichukua zenyewe. Firefox haiendi, lakini ina akiba yake ya vyeti vya kati vinavyojulikana. Programu za Android, amri ya curl na programu nyingi za Java hazifanyi lolote kati ya hayo. Unachozipa ndicho zinachokagua. Kwa hiyo usipime kazi yako kwa kivinjari, kitakufichia kosa.

Kilichotokea kwa wale wa transiti ni hiki. Tarehe 6 Juni 2024 Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, waliacha kutumia cheti cha kati R3 wakaanza R10 na R11. Fundi wa kwanza wa kampuni alikuwa amehifadhi R3 kwa mkono kwenye faili lake, akaielekeza Apache, programu ya seva yao, hapo. Cheti cha tovuti kikajihuisha Julai kikiwa na sahihi ya R11. Faili la mkono likabaki na R3.

Hatua ya 1: Tazama seva inatuma nini

Toka nje ya seva, tumia kompyuta nyingine yenye Linux, kisha:

    openssl s_client -connect tovuti-yako.cd:443 -servername tovuti-yako.cd -showcerts </dev/null

Usiache sehemu ya -servername. Seva ikibeba tovuti nyingi, bila hiyo unaweza kupewa cheti cha jirani. Sisi tulikuta hivi:

    0 s:CN = tovuti-yako.cd
      i:C = US, O = Let's Encrypt, CN = R11
    1 s:C = US, O = Let's Encrypt, CN = R3
      i:C = US, O = Internet Security Research Group, CN = ISRG Root X1

Soma polepole. Herufi s ni mwenye cheti, i ni aliyekitia sahihi. Mstari wa i wa namba 0 unapaswa kufanana na mstari wa s wa namba 1. Hapa cha kwanza kinamtaja R11, kinachofuata ni R3. Mnyororo umekatika. Chini kabisa utaona namba ya ukaguzi: 0 ni nzuri, 21 maana yake cheti cha kwanza kimekosa wa kukithibitisha. Ukikutana na 21, karibu kila mara cha kati hakipo au si chenyewe.

Hatua ya 2: Pata cha kati kilicho sahihi

Kama unatumia Certbot, programu inayoomba na kuhuisha vyeti vya Let's Encrypt yenyewe, kazi imeshafanyika. Kwenye /etc/letsencrypt/live/ ndani ya folda ya tovuti yako kuna faili nne: cert.pem ni cheti cha tovuti peke yake, chain.pem ni cha kati, fullchain.pem ni vyote viwili kwa mpangilio, na privkey.pem ni ufunguo wa siri. Hilo la tatu ndilo unalolitaka.

Kama ulinunua cheti, chukua cha kati kwenye furushi ulilotumiwa au kwenye ukurasa rasmi wa mamlaka iliyokitoa. Usikitoe kwenye seva ya rafiki kwa sababu naye alinunua palepale. Mamlaka moja huwa na vyeti vya kati vingi. Kabla ya kukitumia, kiulize jina lake na tarehe zake:

    openssl x509 -in kati.pem -noout -subject -issuer -dates

Hatua ya 3: Unganisha

Wa Certbot ruka hapa. Wengine: cheti cha tovuti kwanza, cha kati baadaye. Mzizi usiuweke.

    cat tovuti.pem kati.pem > mnyororo.pem

Sasa fungua mnyororo.pem uutazame kwa macho yako. Kama faili la kwanza halikuishia na mstari mpya, utakuta mwisho wa cheti kimoja umegandana na mwanzo wa kingine, hivi:

    -----END CERTIFICATE----------BEGIN CERTIFICATE-----

Seva italisoma na kulalamika kuhusu mstari mbaya wa mwisho. Weka kishale katikati ya vile vistari kumi, vitano huku vitano kule, bonyeza Enter, hifadhi. Niliwahi kupoteza usiku mzima kwa ajili ya Enter moja.

Hatua ya 4: Ielekeze seva

Nakili kwanza faili la mipangilio pembeni. Kwa Nginx, programu nyingine ya seva:

    ssl_certificate     /etc/letsencrypt/live/tovuti-yako.cd/fullchain.pem;
    ssl_certificate_key /etc/letsencrypt/live/tovuti-yako.cd/privkey.pem;

Kwa Apache, SSLCertificateFile ielekee fullchain.pem, na ule mstari wa SSLCertificateChainFile uondoe kabisa. Tangu toleo la 2.4.8 hauhitajiki tena. Huo ndio uliowashika wale wa transiti, ulikuwa umebaki ukiita faili la R3.

Hatua ya 5: Jaribu, pakia upya, tazama tena

Tumia nginx -t au apachectl configtest. Ikikubali ndipo upakie upya kwa systemctl reload. Usifanye restart kwenye seva inayotumika. Ukiwa na kosa kwenye faili, seva itazimika na haitawaka, na umeme wa nyumbani ukikatika wakati huo huna hata njia ya kurudi kurekebisha.

Rudia amri ya hatua ya 1. Tulipoirudia sisi, namba 1 ilikuwa R11 na ukaguzi ulisema 0. Nikampigia dereva mmoja aliyekuwa bado mpakani. Akajaribu, picha ikapanda.

Hatua ya 6: Usirudi tena kwa mkono

Certbot inaweza kuandika faili mpya huku seva ikiendelea kutuma ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu. Iambie ipakie upya kila inapohuisha:

    certbot renew --deploy-hook "systemctl reload nginx"

Nasisitiza hili kwa sababu muda wa vyeti unafupishwa. CA/Browser Forum, umoja wa mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari, walipitisha mwaka 2025 kwamba cheti cha tovuti kisizidi siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Aliyezoea kubandika kwa mkono mara moja kwa mwaka atakuwa anabandika kila mwezi na nusu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Katuba: Yaya, Nginx imenikatalia, inasema "key values mismatch". Ufunguo sijaugusa hata kidogo. Nimeharibu nini?

Mdogo wangu, ufunguo wako ni mzima. Umegeuza mpangilio, cha kati kimetangulia. Nginx inachukua cheti cha kwanza kwenye faili na kukilinganisha na ufunguo wako, na cha kati hakiwezi kufanana nao. Anza na cheti cha tovuti, itakubali.

Kutoka Kamalondo: Kaka, mimi sina seva yangu, niko kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti niliopewa na kampuni ninayopangisha kwao. Nibandike wapi?

Dada, kwenye ukurasa wa SSL kuna visanduku vitatu: cheti, ufunguo, na CABUNDLE. Cha kati kinaingia kwenye CABUNDLE. Wengi wanakiacha kitupu kwa sababu tovuti inafunguka hata hivyo kwenye kompyuta yao.

Kutoka Likasi: Mwanangu, wateja wangu wengine wana simu za zamani sana. Nimefuata hatua zote, ukaguzi unasema 0, lakini kwao bado inakataa.

Papa, hapo shida iko juu zaidi, kwenye mzizi. Simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1 hazina ISRG Root X1, mzizi wa Let's Encrypt. Zamani zilipita kwa sahihi ya msaada iliyotoka kwa mzizi wa zamani zaidi, DST Root CA X3, nayo ilifikia kikomo tarehe 30 Septemba 2024. Huwezi kulitatua hilo kwenye mipangilio ya seva. Kwa kutembelea tovuti tu, zamani Firefox ilisaidia, maana inabeba mizizi yake yenyewe, ila matoleo yake mapya hayakubali tena Android za zamani hivyo. Kwa programu ya simu, aliyeitengeneza anaweza kuuweka mzizi ndani ya programu. La sivyo, nunua cheti kwa mamlaka ambayo mzizi wake umo kwenye simu hizo, na uulize kabla ya kulipa.

Kutoka Kampemba: Sisi tumeifunga programu yetu imtambue R11 peke yake, kwa usalama zaidi. Ni vizuri?

Hapana, ndugu, ifungue haraka. R10 na R11 zilianza kutumika pamoja, na zote zinaisha Machi 2027. Siku cheti chako kikitoka na sahihi ya nyingine, wateja wote wamefungiwa nje mpaka wapakue toleo jipya.

Kutoka Katuba tena: Asante yaya, imekubali. Ila nilipokuwa nahangaika nilituma faili zote nne kwa kikundi chetu cha WhatsApp ili wanisaidie kutazama.

Na privkey.pem ilikuwamo? Basi futa ujumbe, lakini usiishie hapo, kwa sababu huwezi kujua nani ameshaipakua. Leo hii batilisha cheti hicho:

    certbot revoke --cert-name tovuti-yako.cd --reason keycompromise

kisha omba kingine chenye ufunguo mpya. Tatu zilizobaki hazina siri, seva yako inampa kila anayebisha hodi. Ukimaliza, rudia hatua ya 1 uniletee majibu.