Namna ya Kukadiria Hewa Inayopenya Unapoiga Mzigo wa Kupoza Nyumba ya Pwani

Anayeiga matumizi ya nishati ya nyumba kwa programu kama EnergyPlus hutumia muda mwingi kwenye kuta, paa na vioo, kisha akifika kwenye hewa inayopenya kupitia nyufa hujaza tarakimu moja na kuendelea. Kwa nyumba ya Dar es Salaam uzembe huo una gharama, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo (joto na unyevu ambavyo kiyoyozi lazima kiviondoe) unaoletwa na hewa hiyo imo katika mvuke wa maji, ambao kipimajoto hakiuoni.

Anza kwa hesabu ya mkono. Chukua nyumba yenye sakafu ya mita za mraba 80 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 240, ambayo hewa yake yote hubadilishwa mara moja kwa saa. Tuseme nje kuna nyuzi 32 za Selsiasi na gramu 20 za mvuke katika kila kilo ya hewa, na ndani kuna nyuzi 25 na gramu 10. Kupoza mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi moja huhitaji takriban wati-saa 0.33, hivyo 240 × 0.33 × 7 ni wati 550 hivi. Upande wa mvuke, zidisha mtiririko wa hewa kwa sekunde (0.067), densiti yake (1.2), joto la kugeuza maji kuwa mvuke (jouli milioni 2.5 kwa kilo) na tofauti ya unyevu (0.010), nawe utapata karibu wati 2,000. Mvuke umezidi joto la kawaida, yaani lile linalobadilisha halijoto, zaidi ya mara tatu.

Kisha ikague nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za pwani zina matundu ya kudumu juu ya madirisha, yaliyozibwa kwa wavu wa mbu tu, na madirisha ya luva ambayo vioo vyake havikutani sawasawa hata vikifungwa. Pima upana na kimo cha kila tundu. Ukiweza kupata feni ya kupimia inayofungwa mlangoni, matokeo yake kwa shinikizo la paskali 50 ni bora kuliko makisio yoyote, ila usiyagawe kwa 20 bila kufikiri ili kupata uvujaji wa siku za kawaida: kanuni hiyo ni wastani mpana uliozoeleka kwa nyumba za Marekani, ambako baridi kali ya nje huongeza msukumo wa hewa. Pwani, tofauti ya halijoto ni ndogo na msukumo mkubwa ni upepo.

Hapo ndipo vizidishi vya programu vinapohusika. Katika EnergyPlus, mtiririko uliouandika huzidishwa kwa jumla ya vipengele vinne: kimoja kisichobadilika, kimoja cha tofauti ya halijoto na viwili vya kasi ya upepo. Ukiviacha vilivyo, cha kwanza ni 1 na vingine ni 0, na nyumba yako itavuja kiasi kile kile katika utulivu wa usiku na katika upepo mkali wa kaskazi. Ukitumia vizidishi vya mtindo wa DOE-2 (programu ya zamani ya uigaji wa nishati), yaani 0, 0, 0.224 na 0, kumbuka kwamba jumla hufikia 1 upepo ukiwa mita 4.47 kwa sekunde, kwa hiyo mtiririko unaouandika uwe ule wa kasi hiyo. Chagua pia aina ya eneo kwa uangalifu, kwani upepo wa uwanja wa ndege si wa mtaa uliobanana.

Mtego mbaya zaidi, kwa maoni yangu, umo kwenye mfumo bora wa kupoza wa kinadharia ndani ya programu, ambao wengi huutumia badala ya kuchora kiyoyozi halisi. Usipoubadilisha, huondoa unyevu kwa uwiano maalumu wa joto la kawaida kwa joto lote, 0.7, bila kujali mvuke ulioingia. Unaweza kuzidisha hewa inayopenya mara mbili na matokeo ya unyevu yasifuate. Badilisha udhibiti huo uwe wa kipimaunyevu, ukiweka kikomo cha asilimia 55 kwa mfano, kisha endesha uigaji mara mbili, kwa badiliko la hewa 0.5 na kwa 2 kwa saa, na uombe joto la kawaida na joto fiche (lile la mvuke) la hewa inayopenya katika safu tofauti. Tazama hasa saa za usiku, wakati hewa ya nje inaweza kupunguza joto la kawaida huku ikiendelea kuleta mvuke.

Ukiamua kupendekeza matundu yazibwe, ongeza kwenye modeli hewa safi ya makusudi kwa ajili ya wakazi, hasa penye jiko la gesi au la mkaa, na uihesabu mvuke wake pia.