Namna ya Kujenga Riwaya ya Vijana ya Kifantasia kutokana na Ngano za Afrika Magharibi

Chagua kwanza jamii moja. Anansi, buibui mjanja, ni wa Waakan wa Ghana, ilhali kobe Ijapa ni wa Wayoruba; ukiwakutanisha katika soko moja bila sababu, utabaki na majina tu, na miswada mingi niliyoisoma huharibikia hapo.

Ukishachagua, tafuta imani yenye masharti, kwa kuwa masharti ndiyo yanayozaa visa. Chukua ogbanje wa Waigbo wa kusini-mashariki mwa Nigeria, mtoto anayeaminika kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena kwa mama yuleyule kwa sababu ya agano lake na wenzake wa ulimwengu wa roho. Alama ya agano hilo, iyi-uwa, husemwa kuwa imefichwa, mara nyingi ardhini. Dibia, ambaye ndiye mganga, humhoji mtoto mpaka aonyeshe ilipo, ikifukuliwa kifungo hukatika na mtoto hubaki duniani. Sasa mpe ogbanje wako umri wa miaka 16. Anajua ilipo iyi-uwa, lakini akiitoa atawapoteza wenzake wanaomwita kila usiku, na pengine uwezo wake wote. Asipoitoa, mama yake atazika tena. Mhusika wa namna hiyo hahitaji mfalme mwovu wa kupigana naye, ingawa wachapishaji wengi watakuomba umtie.

Pale unapogusa miungu, kumbuka kwamba Shango na Oshun, miungu ya Wayoruba, wanaabudiwa hadi leo, na kwamba msitu mtakatifu wa Osun-Osogbo huko Nigeria, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2005, ni mahali pa ibada. Ukitaka kubadilisha tabia zao, ni heshima zaidi kubuni mungu wako mwenye jina lake.

Maneno ya kigeni yafafanue kwa vitendo: msomaji akimwona dibia akipiga jembe mahali alipoonyeshwa na mtoto, huku wanakijiji wakitazama shimo, hahitaji faharasa. Msimulizi wa Kiakan huanza kwa kutangaza kwamba anayokwenda kuyasema si ya kweli, nasi tunayo paukwa na pakawa. Mwanzo wa aina hiyo utumie pale tu mhusika anapomsimulia mwenzake ngano, kwani ukiuweka kila sura utachosha. Sura ya kwanza ianze jembe likiwa tayari limegonga kitu kigumu.