Kuchagua tinti ya skrini inayomulikwa kutoka nyuma

Projekta haiwezi kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni pale ambapo mwanga haukurushwa, kwa hiyo weusi utakaouona ni rangi ya skrini yenyewe projekta ikiwa imezimwa. Tinti, yaani rangi ya kijivu au nyeusi inayotiwa kwenye skrini ili kupunguza mwanga unaopita, huchaguliwa kuanzia hapo.

Hatua ya 1. Zima projekta. Saa ile ile ya maonyesho, acha taa na madirisha kama vitakavyokuwa, kisha simama wanapokaa watazamaji. Skrini ikikung'aria kama shuka, koti jeusi kwenye picha litatoka kijivu.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya mwanga. Tinti ikiwa upande wa watazamaji, mwanga wa projekta huipita mara moja tu. Ule wa chumbani huingia, hugonga tabaka la kutawanya mwanga, kisha hurudi: mara mbili. Tinti inayopitisha nusu hukuachia asilimia 50 ya picha, lakini asilimia 25 tu ya mwanga unaoiharibu. Faida yote ya tinti iko hapo, na gharama yake pia. Lumeni 3,000 (jumla ya mwanga wa projekta) kwenye skrini ya mita 2 kwa mita 1.125 ni kama luksi 1,300 (mwanga unaoangukia kila mita ya mraba). Baada ya tinti hiyo zinabaki 650.

Hatua ya 3. Chumba cha giza, chukua nyeupe ya maziwa. Taa za kawaida, kijivu hafifu. Mahali penye mwanga mwingi sana, kijivu iliyokolea au nyeusi, mradi projekta ina nguvu. Niliwahi kuishusha skrini nyeusi siku ile ile niliyoifunga: ukumbi ulikuwa giza tayari, projekta ndogo, na nyuso zilionekana kama zimepakwa masizi. Jua likipiga skrini moja kwa moja, hamisha skrini, tinti haitakuokoa.

Hatua ya 4. Omba vipande vya sampuli, vibandike sambamba, urushe uso wa mtu na picha ya usiku. Tembea kushoto na kulia. Ukiona doa la mwanga linalokufuata, hiyo ni lenzi ya projekta inayoonekana kupitia skrini. Badilisha aina ya skrini au pembe ya projekta, usikoleze tinti.

Hatua ya 5. Nyuma ya skrini, funika kuta na dari kwa kitambaa cheusi kisichong'aa. Mwanga unaorudi nyuma ukigonga ukuta mweupe hurejea kwenye skrini, na weusi ulioulipia unageuka kijivu tena.