Kabla kimbunga hakijakukuta kisiwani: ya kuzingatia kwa anayetoka Dodoma

Sisi tuliolelewa Dodoma tumezoea kuitazama mbingu kwa hamu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na miaka mingi hata ukizijumlisha zote hazifiki milimita 600. Wingu jeusi likitokeza, watu hutoka nje kulitazama kwa furaha. Mazoea hayo ndiyo yanayonitia hofu kila nikisikia ndugu zangu wanapanga likizo ya Pasaka au ya Mei Mosi kwenda Mafia, Pemba au Unguja. Siku hizi safari imekuwa nyepesi. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inakuchukua Dodoma na kukufikisha Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi, kesho yake uko kwenye boti. Ila mtu aliyezoea kuamua mambo kwa kutazama juu, akiwa kisiwani na kimbunga kiko njiani, ataamua vibaya.

Nasema haya kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu. Mwaka 2024 alikwenda Mafia na wenzake watatu wa kazini kwa mapumziko ya Mei Mosi, wakapanga kurudi Jumapili tarehe 5. Alhamisi jioni nilimpigia, kwa kuwa taarifa ya habari ilikuwa imetaja mgandamizo mdogo wa hewa baharini, mashariki mwa pwani ya Mtwara. Akaniambia, "Shikamoo shangazi. Huku kumetulia kabisa, bahari kama maji ya kwenye beseni. Tutarudi Jumapili kama tulivyopanga." Nami nikaridhika. Ijumaa ikatangazwa kwamba kile kilichokuwa mgandamizo sasa ni kimbunga kamili, kinaitwa Hidaya, na vyombo vya majini vikaanza kusimama. Jumamosi tarehe 4 Hidaya ikatua Mafia. Kijana alirudi salama, namshukuru Mungu, lakini kwa siku mbili simu yake haikupatikana, na mama yake alizimaliza siku hizo mbili kwenye kiti kimoja sebuleni.

Kwa hiyo la kwanza kuzingatia, na ndilo ninalotaka likae kichwani kuliko yote, ni siku yako ya mwisho ya kuondoka. Siku hiyo si siku ambayo kimbunga kinatarajiwa kufika. Boti husimama mapema zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, vyombo vidogo tayari havina salama, ilhali kimbunga chenyewe huhesabiwa kuwa kamili upepo wake ukifika karibu kilomita 120 kwa saa. Kati ya viwango hivyo viwili kuna siku nzima, pengine mbili, ambazo jua linawaka, watu wanaogelea, na bandarini hakuna chombo kinachong'oa nanga. Hesabu kwa kurudi nyuma. Ikiwa kimbunga kinatarajiwa Jumamosi, boti inaweza kusimama Ijumaa, na zile za Alhamisi zitakuwa zimejaa watu waliokwisha kusikia habari. Kutoka Kilindoni, bandari ya Mafia, unavuka hadi Nyamisati upande wa bara, kutoka hapo una safari ya gari hadi Dar es Salaam, ndipo uifikirie treni ya Dodoma. Mtu makini anaondoka Jumatano, hata kama amelipia chumba hadi Jumapili. Hela ya siku nne inauma, naijua, na ndiyo maana nitarudi kwenye suala la malipo.

Jifunze pia ngazi za taarifa, kwa sababu wengi tunazichanganya. Kuna angalizo, ambalo kwenye ramani huwa la njano. Juu yake kuna tahadhari, ya rangi ya machungwa. Juu kabisa ni tahadhari kubwa, nyekundu. Ukiwa Dodoma mjini, angalizo la mvua unaweza kulipokea kwa kuanua nguo na kuingiza mbuzi. Ukiwa kisiwani, angalizo ndiyo saa ya kwenda kuulizia tiketi. Usisubiri nyekundu. Na usidhani kwamba kimbunga lazima kije polepole kwa ratiba. Oktoba 2023 kimbunga Otis kilichopiga Acapulco, mji wa kitalii wa Mexico, kilipanda kutoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la tano, la juu kabisa, ndani ya takriban siku moja. Wageni walilala hotelini wakijua kuna upepo unakuja, wakaamka vioo vya ghorofa vimekwisha.

Nasikia watu wakisema visiwa vyetu havijui vimbunga. Ni kweli kwamba ni nadra, na sababu zipo. Ili kimbunga kijisokote, dunia kuzunguka kwake inakisaidia, na msaada huo unakuwa dhaifu sana karibu na ikweta. Unguja iko digrii 6 kusini, Mafia karibu digrii 8. Halafu Madagaska inatukinga: vingi vinavyotoka mashariki vinaishia kwake, au vinapinda kuelekea Msumbiji. Lakini nadra maana yake si kwamba havipo. Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha meli zake na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Mwaka 1952 kingine kilipiga Lindi. Mwaka 2019 Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara, na mwaka 2021 Jobo kilikuja kuelekea Dar es Salaam kikaishiwa nguvu kabla ya kufika. Msimu wa upande huu wa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuwa Novemba hadi Aprili, na Hidaya ilikuja Mei, msimu ukiwa umekwisha kwenye kalenda. Mji wa Dodoma na mji wa Zanzibar viko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa latitudo. Kinachotulinda sisi ni nchi kavu iliyo kati yetu na pwani, kwa sababu kimbunga hula joto la bahari, na kikipanda ardhini hufa njaa. Ukivuka maji kwenda kwenye mapumziko, ulinzi huo unauacha nyuma.

Sasa malipo. Kabla hujatuma hela ya chumba, uliza mambo manne na usione haya: boti isipoondoka, siku za ziada nani analipa, nikiahirisha kwa sababu ya taarifa ya hali ya hewa, hela yangu inarudi au inasogezwa mbele, vyumba viko umbali gani kutoka ufukweni, na mkilazimika kutuhamisha, mnatuhamishia jengo gani. Hilo la mwisho ndilo linalopima mwenyeji wako. Nyumba nzuri za kitalii visiwani ni za makuti na miti, zinapendeza kwenye picha, na upepo ukiongezeka mara mbili msukumo wake unaongezeka mara nne. Mwenye nyumba anayejua kazi yake atakutajia papo hapo shule, msikiti au jengo la zege lililo juu kidogo. Anayejibu "hapa hakunaga shida" mpishe.

Ukiwa umekwama tayari, au wewe ni wa Dodoma uliyehamishiwa huko kikazi na nyumba yako ndiyo hapo, msikilize mwenyeji. Watu wa visiwani watakuwa wanavuta ngalawa juu mbali na maji, wanafunga paa kwa kamba kwenye vigingi, wanaangua nazi zilizo karibu na nyumba kwa sababu nazi iliyobebwa na upepo mkali inaweza kuua. Weka simu mfukoni ukamsaidie mzee kuvuta chombo chake, chombo hicho ndicho chakula cha watoto wake. Ingiza ndani kila kinachoweza kuruka: viti vya plastiki, mabeseni, vipande vya mabati, hata fito. Kuna imani kwamba ufungue madirisha upepo upite. Usifungue. Upepo ukiingia ndani unasukuma paa kutoka chini, na ule wa nje unalivuta kutoka juu, na hapo ndipo mabati yanapoondoka na kenchi zake. Funga madirisha, kaeni chumba cha ndani chenye madirisha machache.

Uliza vilevile maji yako vipi, bamvua au mafu. Hili sisi wa bara hatulijui kabisa. Mwezi mpya na mwezi mpevu huleta bamvua, bahari inajaa sana na kutoka sana. Katikati yake kuna maji mafu, yasiyopanda juu. Kimbunga husukuma bahari mbele yake kuelekea nchi kavu, na msukumo huo ukikutana na bamvua iliyojaa, maji yanaingia mahali ambapo hata wazee hawajawahi kuyaona. Hidaya ilifika siku tatu tu baada ya robo ya mwisho ya mwezi, wakati wa maji mafu. Ingekuja siku nne baadaye, mwezi ungekuwa mpya. Kwa hiyo mtu asiseme "Hidaya ilipita nikiwa kwenye nyumba hii hii na sikuloa" kana kwamba amepewa cheti.

Na upepo ukikatika ghafla, mbingu ikafunguka, msitoke. Huenda ni jicho la kimbunga, yaani sehemu tulivu ya katikati yake, linapita juu yenu. Utulivu wake unaweza kuwa wa dakika chache au zaidi, kisha upepo unarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili, ukiwakuta watu wako nje wanaokota mabati. Subirini tangazo.

Kuhusu vitu vya kuwa navyo, maji ndiyo kwanza. Jaza madumu mapema, lita zisizopungua nne kwa mtu kwa siku ya kunywa na matumizi madogo, kwa siku tatu au zaidi, kwa sababu kisima kikiingiliwa na maji ya bahari au ya choo hakifai tena. Beba vidonge vya kutibia maji. Chakula kiwe kisichohitaji moto, na hapa Dodoma tumebarikiwa: karanga za kukaanga, zabibu kavu na ubuyu ni vyepesi, havichachi, na vinamtosha mtoto hadi kesho. Dawa zako za presha, sukari au pumu chukua za wiki moja zaidi ya siku za safari. Mjamzito abebe kadi yake ya kliniki. Tochi, betri, redio ndogo. Hela taslimu, tena za noti ndogo, maana mtandao ukilala hela ya kwenye simu haikununulii hata biskuti. Nakala za kitambulisho na bima ya afya zifunge kwenye mfuko wa nailoni, na ukiwa na mgeni wa nje ya nchi, pasi yake pia.

Wanaobaki Dodoma nao wana sehemu yao. Kimbunga kikiwa baharini upande wa Madagaska kinaweza kubadili mwelekeo wa pepo na kuvuta unyevu kutoka misitu ya Congo, mvua ikaongezeka huku kwetu magharibi na kati. Mara nyingine kinafanya kinyume, kinaukausha upande wetu. Kwa hiyo taarifa ya kimbunga ikisomwa, mtu wa Nkuhungu mwenye nyumba jirani na korongo asione kwamba ni habari za watu wa pwani: azibue mtaro, ainue magunia ya mahindi kutoka sakafuni. Njia ya kurudi nayo inaweza kukatika. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa na Mpwapwa yaliisomba reli ya zamani ya kati, na abiria wakakosa treni kwa muda mrefu. Mwenye ndugu kisiwani asimhimize arudi kwa pupa kwa gari la usiku kupitia mito iliyofurika. Akishafika bara, alale Dar es Salaam hata siku mbili.

Mwisho ni simu. Kaka yangu, mkewe na mimi tulipiga simu mfululizo siku zile mbili, na nadhani kila ukoo ulifanya hivyo, mtandao uliobaki ukazidiwa na chaji za watu kisiwani zikaishia kwenye "upo?" Sasa tumepangana. Anayesafiri anawasha simu saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, anatuma ujumbe mmoja mfupi kwa mtu mmoja, anazima. Mtu huyo ndiyo mimi. Wengine wote wananiuliza mimi. Kabla ya kuondoka ananiachia jina la nyumba anayolala, namba ya mwenyeji wake, na siku yake ya mwisho ya kuondoka kama tulivyoihesabu pamoja. Karatasi hiyo tumeibandika jikoni kwa wifi yangu, karibu na jokofu, na chini yake nimeandika 114 ya zimamoto na uokoaji na 112 ya polisi. Kijana anataka kwenda tena Mafia kuona papa potwe, ambao huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, sehemu kubwa ikiwa ndani ya msimu wa vimbunga. Sikumkataza. Nilimwambia aje kwanza na kalamu, tukae tuhesabu.