Ripota unayetaka kuandika riwaya, anza hivi

Ndugu yangu wa habari hapa Mombasa, kwanza kazi usiache. Gabriel García Márquez alikua ripota wa gazeti la El Espectador kule Colombia, mwaka 1955 akaandika kwa sehemu sehemu mkasa wa baharia alieelea baharini siku 10, na mwaka huohuo riwaya yake ya kwanza ikatoka, tuzo ya Nobel ya fasihi akaja kuipata 1982.

Weka daftari la pili. La kwanza la mhariri, hili lako, humu uandike yale yasioingia gazetini, mama wa Kongowea anavyojifunga leso upya kabla ya kukujibu, feri ya Likoni asubuhi watu wamebanana, wazee wa baraza Mji wa Kale wanavyonyamaza mgeni akipita. Hii ndio mali yako wallahi.

Pagumu ni hapa: habari yataka jibu sentensi ya kwanza, nani kafanya nini wapi lini, riwaya yataka umcheleweshe msomaji. Mimi ilinisumbua sana hii. Chukua stori yako ya zamani ya aya 4, iandike upya kurasa 3 bila kutoboa mwisho. Majina badilisha, changanya watu watatu wawe mmoja, maana yule uliemhoji alikupa siri zake kwa ajili ya gazeti, hakukuruhusu umfanye mhusika.

Andika alfajiri kabla simu hazijaanza, maneno 300 yatosha. Rasimu ikiisha mpe mtu asiekua wa habari asome, na pale anapoanza kupiga miayo weka alama.